Nani Anailipa Bajaji Inayosubiri Treni?

Nilishuka Stesheni ya Magufuli saa nne kasoro usiku, nikitokea Morogoro. Tiketi yangu ilikuwa ya daraja la kawaida, shilingi 13,000, na kwa pesa hiyo nilikalia kiti safi, kiyoyozi kinapuliza, tukaipita Ngerengere, Ruvu na Soga bila mimi kujua kama Kibaha kuna foleni au hakuna. Nje ya geti mambo yakabadilika. "Kinyerezi elfu ishirini, braza. Usiku huu hupati mtu." Tulivutana mpaka elfu kumi na tano. Yaani karibu kilomita 200 za kutoka Morogoro zimekula elfu kumi na tatu, na hizi zisizofika 20 za kwenda nyumbani zimekula zaidi ya hapo.

Ningeweza kushuka Pugu, ambako ni karibu zaidi na kwangu. Treni ilisimama, mlango ukafunguka, nikachungulia giza, nikabaki kwenye kiti. Sikuwa na uhakika wa kupata chombo.

Njiani nilimuuliza dereva kwa nini bei iko juu hivyo. Hakukasirika. Alikuwa pale getini tangu saa mbili, hajapata kichwa hata kimoja, na kesho yake bosi anataka hesabu yake ya elfu ishirini kama kawaida, mvua inyeshe isinyeshe. Akasema: "Bei yako wewe ina kusubiri ndani yake."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Kila inapotajwa habari ya serikali kutia pesa kwenye bajaji na mabasi madogo ya umeme ya kuwaunganisha watu na reli, mjadala unakimbilia bei ya chombo: ni ghali kiasi gani, kodi ipunguzwe vipi, betri inadumu miaka mingapi. Ni maswali ya maana. Lakini abiria wa saa nne usiku hanunui chombo. Ananunua kusubiri, na kusubiri hakuna mfuko wowote wa umma unaokulipia.

Kwa nini umeme na reli vinaoana

Wapanga miji wana jina la vyombo vinavyoleta watu kwenye njia kuu na kuwaondoa: vyombo vya mlisho. Treni ni kama mto, nao mto bila vijito ni mfereji tu. Dar es Salaam ilishaonja hali hiyo. Treni ya mjini ilipoanza Oktoba 2012, ile ambayo watu waliibatiza "treni ya Mwakyembe" kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilitumia reli za zamani kwenda Ubungo Maziwa kwa upande mmoja, na njia ya Tazara kwa upande mwingine. Iliwafaa sana waliokaa karibu na reli. Aliyekaa kilomita tatu kando aliendelea kugombania daladala, kwa sababu ili aifikie treni ilimbidi apande daladala kwanza, na ukishaipata daladala asubuhi hushuki njiani kwenda kubahatisha usafiri mwingine.

Sasa tuna reli ya kisasa. Safari za abiria kati ya Dar na Morogoro zilianza Juni 2024, Dodoma zikafuata Julai, na rais akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. Ndani ya mkoa huu stesheni zake ni mbili: Magufuli pale mjini, na Pugu. Watu wa mkoa tulikuwa milioni 5.38 kwa sensa ya 2022, tumesambaa kutoka Bunju hadi Chanika, kutoka Kibamba hadi ng'ambo ya Kigamboni. Milango miwili kwa watu wote hao. Kwa hiyo kipande cha kati ya nyumba na stesheni, kwa wengi wetu, si mita mia tano za kutembea. Ni safari nzima.

Kwa nini basi iwe chombo cha umeme, na si bajaji yoyote ile?

Sababu ya kwanza inayotajwa ni moshi, nayo ni ya kweli, ila ya pili ndiyo yenye uzito zaidi kwa stesheni. Bajaji ya kawaida mtaani haijui itaishia wapi. Asubuhi iko Segerea, mchana Buguruni, jioni imepeleka mgonjwa Amana. Chombo cha namna hiyo kinahitaji kituo cha mafuta kila kona, na petroli ipo kila kona. Chombo cha mlisho kinafanya kinyume chake. Kinazunguka njia fupi, kinarudi palepale kilipotoka, na kati ya treni moja na nyingine kina nafasi ya kupumzika. Mahali hapohapo kinapopumzikia ndipo pa kuchomeka chaja. Udhaifu mkubwa wa umeme, yaani masafa mafupi na kuchaji polepole, ukiuleta stesheni haukusumbui tena.

Wazo lenyewe si geni hapa. Mradi wa SOLUTIONSplus, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, uliichagua Dar es Salaam kuwa mmoja wa miji yake ya majaribio, sambamba na miji kama Kigali, Hanoi na Quito, na kilichokusudiwa kwetu kilikuwa bajaji za umeme za kulisha mabasi ya mwendokasi. Kwa hiyo swali la kama bajaji ya umeme inaweza kulisha njia kuu limeshaulizwa. Lililobaki ni nani alipie nini.

Hesabu ya dereva na hesabu ya bosi

Tufanye hesabu kwa namba za mfano, ambazo dereva yeyote anaweza kuzibadilisha kwa zake. Bajaji ya petroli inatembea kilomita 120 kwa siku, lita moja inakwenda kilomita 30. Hizo ni lita nne. Kwa petroli ya shilingi 2,800, ni 11,200 kila siku.

Ya umeme, kwa kilomita hizohizo, tuseme inakula uniti 10. Mteja wa kawaida wa Tanesco, aliye kwenye daraja la T1, analipa shilingi 292 kwa uniti kwa bei zilizopangwa 2016, na ukijumlisha kodi na tozo inafika kama 356. Hiyo ni 3,560 kwa siku. Tofauti ni 7,640 kila siku, na kwa siku 26 za kazi ni karibu laki mbili kwa mwezi. Kama chombo cha umeme kinauzwa milioni nne zaidi ya cha petroli, pengo hilo linazibika ndani ya miezi ishirini hivi.

Kwa nini basi hawakimbilii? Kwa sababu hesabu hiyo ina watu wawili ndani yake, na tumeifanya kana kwamba ni mmoja. Anayenunua bajaji ni bosi. Anayejaza mafuta ni dereva. Zile milioni nne za ziada zinamtoka bosi, na ile laki mbili ya kila mwezi inaingia kwa dereva. Bosi mwenye akili ataiona, na hesabu itapanda kutoka elfu ishirini hadi ishirini na tano kabla dereva hajafurahi wiki mbili. Aliye kwenye mkataba, anayelipa kidogokidogo mpaka chombo kiwe chake, ana nafuu kwa sababu yeye ni bosi na dereva kwa pamoja. Lakini naye mkataba wake utakuwa mrefu zaidi, na betri inaweza kuanza kuchoka chombo hakijawa mali yake.

Halafu kuna suala la mahali pa kuchajia, ambalo kwenye makaratasi linapewa mstari mmoja na mtaani linavunja nyumba. Madereva wengi ni wapangaji. Chumba kimoja, LUKU moja ya nyumba nzima, wanachangishana. Nyumba ikiwa kwenye daraja la D1, uniti 75 za kwanza za mwezi zinauzwa shilingi 100 kabla ya kodi, na zinazozidi hapo zinaruka hadi 350. Bajaji moja ya uniti 10 kwa siku inazimaliza zile 75 ndani ya siku nane. Kuanzia siku ya tisa, mama wa chumba cha mbele mwenye taa mbili na redio analipa bei ya bajaji asiyoipanda. Hapo ndipo mwenye nyumba anapoitwa, na chaja inatolewa uani.

Milango minne ya pesa ya umma

Pesa ya umma inaweza kuingia kwenye jambo hili kupitia milango minne, na ubaya ni kwamba yote inaitwa kwa jina moja la "ruzuku", wakati kila mmoja una mfaidika wake.

Wa kwanza ni kodi. Serikali inasamehe ushuru wa forodha na VAT kwa vyombo vya umeme, kama Rwanda ilivyofanya 2021. Ni mlango rahisi: hakuna ofisi mpya wala fomu ya kujaza, bidhaa inashuka bei palepale bandarini. Lakini msamaha haujui stesheni iko wapi. Gari la umeme la kifahari la mtu wa Masaki na bajaji ya Pugu vinaingia kwa mlango uleule, na mwenye gari la bei kubwa ndiye anayesamehewa pesa nyingi zaidi.

Wa pili ni ruzuku ya kununulia. Hapa mwalimu wetu ni India. Mpango wake wa kuhimiza vyombo vya umeme, uitwao FAME, awamu ya pili, ulioanza 2019, ulitengewa rupia bilioni 100, na ruzuku ilipimwa kwa ukubwa wa betri. Jiji la Delhi nalo, kwa sera yake ya Agosti 2020, likaongeza rupia 30,000 kwa bajaji moja ya umeme. Delhi ina metro kubwa, na vibajaji vya umeme vimeijaa milangoni kama nyuki. Ukisimama upande wa abiria, ni mafanikio: unashuka treni, unapanda, unakwenda kwa nauli ndogo. Ukisimama upande wa barabara, ni msongamano ulioegeshwa mbele ya geti, kwa sababu pesa ililipia vyombo bila kulipia maegesho wala mpangilio. Tena vinakaa kwenye stesheni zenye watu. Stesheni ya pembezoni yenye abiria kumi wa usiku haina aliyeletewa chombo na ruzuku hiyo, maana chombo kina magurudumu na dereva ana macho.

Hili la mwisho tusilipite haraka. Tunawalaumu madereva wa daladala kwa kukatisha ruti, gari la Chanika linageuzia Gongo la Mboto abiria wakipungua, lakini ni hesabu ileile. Ukimpa mtu chombo na kumwachia mapato yote yatoke kwa abiria, atakifuata kichwa kilipo. Huwezi kumlaumu kwa kufanya kile ambacho mfumo unamlipa akifanye.

Mlango wa tatu ni mkopo. Nchini kwetu mlango huu uko wazi siku nyingi, ila hatuutazami kwa jicho hilo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kinapokopeshwa, mara nyingi kinanunua nini? Bodaboda na bajaji. Picha za makabidhiano mnazijua: vyombo vimepangwa mstari, vina utepe, mgeni rasmi anawasha kimoja na kupiga honi. Kwa maneno mengine, pesa ya umma inanunua bajaji Dar es Salaam tayari. Inanunua za petroli, na haiziwekei sharti lolote la wapi zitafanya kazi.

Mikopo hiyo ilisitishwa 2023, baada ya kelele za muda mrefu kuhusu vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, ikarejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya. Nadhani hapa ndipo pa kuanzia. Hatuhitaji kuanzisha mfuko wenye jina refu na ofisi yenye viti vya ngozi. Halmashauri inaweza kusema: kikundi kitakachochukua bajaji za umeme na kusaini kuhudumia stesheni fulani kwa saa fulani kitapewa muda mrefu zaidi wa kulipa, na marejesho yake yatakatwa kwenye malipo ya huduma. Marejesho yakikatwa kwenye malipo, hata hofu ya mkopo kupotea inapungua, kwa sababu halmashauri ndiyo inayomlipa mkopaji wake.

Kuna fundo moja. Stesheni zote mbili, Magufuli na Pugu, ziko ndani ya Jiji la Dar es Salaam, yaani Ilala ya zamani. Abiria wanatoka Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni. Je, Manispaa ya Temeke itumie asilimia 10 yake kukopesha kikundi kinachoegesha chombo kwenye eneo la halmashauri nyingine? Diwani wa Temeke atauliza hivyo, na atakuwa na haki ya kuuliza. Abiria ni wake, lakini kituo si chake.

Mlango wa nne ni kulipia huduma yenyewe, na kwangu ndio mlango mkuu. London hufanya hivyo kwa mabasi: mamlaka ya jiji inachukua nauli, kampuni ya basi inalipwa kwa mkataba wa kuendesha ruti, basi lijae au liwe tupu. Bogotá, ambako mwendokasi wetu ulichota mawazo mengi, ilianzisha TransMilenio mwaka 2000 ikiwa na mabasi ya mlisho ambayo abiria wake hawakulipa nauli ya pili. Gharama ya kijito ilibebwa ndani ya nauli ya mto. Mtu wa pembezoni alilipa sawa na wa barabara kuu.

Tuilete Pugu. Tuseme bajaji kumi zinalipwa shilingi 5,000 kila moja kwa kuwepo pale treni ya mwisho inapoingia, abiria wawe wengi au wasiwepo, na nauli ya kila mwelekeo imeandikwa ubaoni. Ni 50,000 kwa usiku, milioni 1.5 kwa mwezi, milioni 18 kwa mwaka. Ukichukulia bajaji mpya ni milioni kumi hivi, pesa ya mwaka mzima ya kusubiri haifiki bei ya bajaji mbili. Lakini imemhakikishia kila anayeshuka kwamba atafika nyumbani, na imemtoa kwenye kiti mtu kama mimi niliyechungulia giza nikaogopa. Linganisha na kutumia milioni 20 kuwapa watu wawili chombo cha bure, ambacho wiki ya pili utakikuta Mbezi Mwisho.

Bei ya uniti pale stesheni

Sasa mambo ya nyaya. Tuseme Shirika la Reli, TRC, linatoa eneo, na bajaji 60 zinachaji hapo. Uniti 10 kila moja kwa siku 30 ni uniti 18,000 kwa mwezi. Mteja anayetumia zaidi ya uniti 7,500 anaingia daraja la T2, ambako uniti moja inashuka hadi shilingi 195 kabla ya kodi. Watu wengi huishia hapo, wanapiga makofi. Wanasahau kwamba T2 ina malipo ya pili: shilingi 15,004 kwa kila kVA, yaani kipimo cha umeme unaovutwa kwa mpigo mmoja, ya kilele chako cha mwezi. Tanesco haikuulizi tu umekula kiasi gani. Inakuuliza pia ulifungua mdomo mkubwa kiasi gani kwa mara moja.

Madereva wote 60 wakirudi saa tatu usiku na kuchomeka chaja za kilowati tatu kwa wakati mmoja, kilele kinafika kama kVA 200. Hiyo ni milioni 3 juu ya milioni 3.51 za uniti. Ukigawanya, kila uniti imekugharimu 362, ghali kuliko ile ya 292 anayolipa mteja wa T1. Zikichajiwa kwa zamu usiku kucha, kilele kinaweza kushuka hadi kVA 80 hivi, malipo yake yanakuwa milioni 1.2, na kila uniti inatoka kwa 262. Chaja zilezile, umeme uleule, bajaji zilezile. Kilichobadilika ni kuwepo kwa mtu wa zamu mwenye daftari, au kifaa kinachogawa umeme kwa foleni.

Kwa hiyo pesa ya umma kwenye kipengele hiki inunue transfoma, paa na mpangilio wa zamu. Kenya iliamua kuanzia kwenye bei: mwaka 2023 iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, shilingi 16 za kwao kwa uniti, na 8 saa ambazo matumizi ni madogo. Ile nusu bei ya usiku wa manane inafanya kazi ya yule mtu wa daftari. Sisi umeme tunao, bwawa la Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115, na sehemu ya umeme huo usiku wa manane haina wa kuutumia. Kuuza kwa bei ya chini saa ambayo mji umelala si hasara kwa yeyote.

Neno moja kuhusu betri za kubadilishana, ambazo dereva anaacha iliyokwisha na kuchukua iliyojaa. Zinaokoa muda, na pia zinaondoa bei ya betri mabegani mwa dereva. Ila pesa ya umma ikijenga kibanda cha betri za kampuni moja pekee, miaka mitatu baadaye kampuni hiyo ndiyo itakayopanga bei ya safari za Pugu. Sharti la betri kuingiliana liwekwe siku ya kwanza, kabla utepe haujakatwa. Na liwekwe sharti la kuhimili maji ya mvua pia. Anayeujua mji huu mwezi wa nne anajua ninachosema.

Barabara itatengenezwa na nani

Hoja ya wapinzani ambayo naiheshimu ni hii: kila lita ya petroli inabeba tozo ya barabara. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita mahsusi kwa barabara zilizo chini ya TARURA, zile za mitaani ambazo bajaji ndizo zinazozikanyaga. Bajaji ya umeme haichangii hata senti. Kama nyingi zitahamia umeme, mfuko wa barabara utapungua, na mashimo ya Kinyerezi yatabaki palepale.

Ni kweli. Lakini tuangalie na upande wa pili. Reli yenyewe tumeichangia sote, kupitia ushuru wa maendeleo ya reli ulioanzishwa kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini, kila mtu aliyenunua kitu kutoka nje. Mwenye duka wa Chanika aliilipa ndani ya bei ya mabati na simu. Amelipia reli, ila hana njia ya kuifikia. Kumwekea usafiri wa kumfikisha kwenye kitu alichokwisha kukilipia si kumpa zawadi. Tozo ya barabara kwa vyombo vya umeme inaweza kuja baadaye, kwenye leseni ya mwaka kwa mfano, vyombo vikishakuwa vingi. Kumtoza leo dereva wa kwanza wa umeme ni kumkamua ng'ombe ambaye hajazaa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya tozo ni wingi wa wenye mamlaka. Eneo la stesheni ni la TRC. Leseni ya kubeba abiria na nauli ni ya LATRA. Barabara inayotoka getini ni ya TARURA au TANROADS, transfoma ni ya Tanesco, mkopo ni wa halmashauri, na mwendokasi unaopita Gerezani, si mbali na stesheni, uko chini ya DART. Bajaji moja, ofisi sita. Bila mmoja wao kusaini kama mwenye mkataba wa mlisho, kila ofisi itakuwa na mpango mzuri, na abiria ataendelea kupatana bei gizani. Mimi ningempa TRC kalamu, kwa sababu ndiye pekee anayejua treni ya leo imebeba watu wangapi wa kushuka Pugu. Tiketi zinakatwa kwa mtandao. Idadi anayo saa kadhaa kabla.

Tulifika Kinyerezi saa tano kasoro. Dereva alisimama nje ya geti langu, nikamhesabia pesa yake chini ya taa ya duka lililofungwa. Nikamuuliza: ukipewa bajaji ya umeme bure, ukaambiwa kijiwe chako ni Pugu, utakaa?

Alicheka. "Bure naichukua. Kukaa Pugu, hapana."

Na ukilipwa elfu tano kila usiku, treni iwe na watu isiwe nao?

Akazima injini. Alikaa kimya kidogo, akiangalia usukani, vidole vinahesabu.

"Kwani treni ya mwisho," akaniuliza, "inaingia Pugu saa ngapi?"